Nyasi zilizobonyea nyuma ya nyumba

Lodwar, Jumanne

Asante Mungu, si choo. Tangu mvua kubwa iliponyesha, nyasi za nyuma zimebonyea mahali pawili, nami nikawaza tu choo cha mwenye nyumba wa kwanza, ambacho hakuna anayejua alikifukia wapi. Na hapo ndipo mama mkwe hukaa jioni, na haoni vizuri. Siku tatu nimemzuia bila kumwambia sababu. Amenuna.

Leo Ekiru, mchimba vyoo, akaja na nondo. Akaidunga. Kufika kina cha kiwiko tu, ikagonga pagumu. Akafukua, akatoa mzizi uliooza.

"Mama, hapa mling'oa mathenge?"

Nikaona haya. Ndiyo, miti miwili, mwaka jana. Mashimo yake nilijaza mchanga mkavu wa laga, ule mto wa msimu, sikumwagia maji wala kushindilia. Hofu ilinisahaulisha yote.

"Basi mvua imekumalizia kazi," akacheka.

Tukainua nyasi vipande vipande, tukatia udongo na maji, tukakanyaga sana, tukazirudisha.

Kisha nikamweleza mama mkwe ukweli wote.

"Ulidhani nitazama chooni?" Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, twende. Lakini kaa wewe kwanza."

Nikakaa. Ardhi ikanihimili.