Paka Niliyemtoa Matangani

Kosele, wakati wa palizi, 1996

Mama,

Ni mimi, mkazamwana wako, yule uliyemwita Nyar Migori, binti wa Migori, hata mbele ya pasta. Uliniambia barua nzuri huanza na salamu, basi salamu: mwanao Ochieng ni mzima, wajukuu ni wazima, mahindi yamefika magotini. Sasa niungame kosa langu kabla sijaanza kujisifu.

Yule paka wako Karani, nilimtoa mimi.

Unakumbuka tulivyogombana juu yake, wewe kwa Kiswahili chako cha sokoni na mimi kwa changu cha Kikuria, maana Kijaluo changu kilikuchekesha mno. Nilisema paka ni mwizi tu mwenye manyoya. Wewe ukasema, "Paka ya ndani ni mgeni. Paka ya nje ni askari." Ulimwita Karani kwa sababu kila asubuhi alikagua dero, lile ghala letu la fito, gunia kwa gunia, mkia juu. Halafu akazalia juu ya sare yangu ya kwaya, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Jumapili ile niliimba nimevaa leso. Sikusahau, Mama. Mimi nikiweka kinyongo, nakiweka vizuri.

Basi tulipokuzika, siku ile ndugu zako walipogawana vitu vyako kwa desturi ya hapa, dada yako Peris wa Sori alipata chungu chako cha samaki na kigoda. Akauliza kama kuna kingine. Nikasema upesi, chukua na huyo paka. Watu wakadhani ni ukarimu! Tukamfungia Karani ndani ya kikapu, nami nikarudi jikoni nikiimba. Wale paka wako wengine wawili, madume, walipoona hakuna tena wa kuwatupia vichwa vya samaki, wakahamia sokoni.

Panya hawakungoja hata mwezi uishe. Gunia la mtama walilotoboa sikulililia. Kilichoniuma ni yale mahindi ya mbegu uliyochagua ukiwa tayari mgonjwa, ukayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza ndani ya dero. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yako. Kila asubuhi nilikuta hindi jingine limebaki gunzi, na mvua ilikuwa inakaribia. Nililia, Mama. Mimi niliyeimba.

Ochieng akaleta dawa ya panya. Nikaichanganya na unga, nikasimama mlangoni pa dero na bakuli mkononi. Hapo nikamwona kenge wako akipanda kutoka kijitoni, anakatiza uwanja polepole kama mzee wa kanisa aliyechelewa ibada. Anatuibia mayai, na wewe ulikuwa ukisema, "Wacha yeye, hata yeye ni wa hii boma." Kando yake vifaranga walikuwa wakichakura, wale tuliowapaka rangi ya zambarau ulivyotufundisha, ili mwewe asiwatambue. Na juu ya mti alikuwa bundi uliyewakataza watoto kumpiga mawe, ingawa majirani wote wanamwogopa. "Anakula panya, hakuli watu." Nikawatazama wote hao, nikaona kwamba panya aliyekula sumu hafi peke yake. Ataokotwa na kenge, ataokotwa na bundi, na vifaranga watadonoa kilichomwagika. Nikachimba shimo refu karibu na choo nikaifukia yote. Ochieng alinuna siku mbili.

Kesho yake nikamshika mtetea mmoja, nikaenda Sori kuomba paka niliyemtoa mwenyewe. Aibu hiyo simtakii hata adui.

Peris alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kitu ya matanga hairudi. Ukirudisha, umerudisha matanga." Nilijua desturi hiyo, ni vile tu mwenye shida hujaribu. Karani mwenyewe alikuwa amelala kwenye kivuli cha nyavu za kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani, amenenepa. Akafungua jicho moja, akaniona, akalifunga. Kumbe hata yeye ana kinyongo! Lakini ubavuni mwake kulikuwa na watoto watatu. Peris akapokea kuku, akanipa mmoja wa kijivu, mwembamba kama mwiko, akaniagiza nimfunike njia nzima asijue pa kurudi.

Halafu akaniambia jambo ambalo bado linanitoa machozi nikiosha vyombo. Alisema alishangaa sana nilipomtoa Karani, ila nani anakataa zawadi matangani? Alishangaa kwa sababu mara ya mwisho ulipomtembelea alikuuliza paka wako utamwachia nani, nawe ukamjibu: "Nyar Migori. Mdomo yake inapiga kelele, lakini kila siku anawawekea maji, anafikiri mimi sioni."

Uliniona, Mama. Miaka yote ile nikiinama nyuma ya dero na kopo, nikiangalia kushoto na kulia, ulikuwa unaniona. Mbona hukusema? Tungecheka pamoja.

Huyu mdogo tunamwita Naibu. Siku ya kwanza alikutana na kenge, akavimbisha manyoya yote aliyojaliwa. Kenge akatoa ulimi, akapita zake. Naibu akapanda juu ya dero, akagoma kushuka mpaka jioni. Alianza na panzi, akaja mijusi, kisha asubuhi moja akatokea kinyumenyume akiburuta panya karibu sawa naye. Nilipiga vigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani tumepata wageni.

Mbegu zako zilizobaki zilitosha kipande kimoja tu, kile cha karibu na kaburi lako. Nimekipalilia leo. Mahindi yakikomaa nitachagua mbegu mwenyewe na kuzifunga kama ulivyofunga, hata nikikosea fundo. Sumu haitaingia tena boma hili, Ochieng akipenda anune mwaka mzima.

Kwaheri, Mama. Pumzika, usiwe na wasiwasi na askari wako. Kopo la maji siku hizi naliweka mbele ya mlango, mchana kweupe, kila mtu akiona.

Mimi wako,
Robi, Nyar Migori