Mpiga Picha wa Kutembea Kinyumenyume

Baba Naserian,

Huku nyumbani wote ni wazima, isipokuwa mimi niko na wasiwasi. Najua ungecheka. Ulikuwa ukiniambia, "Mama Naserian, wewe unaogopa mvua ikiwa bado Tanzania." Lakini hii imefika. Msichana wako anaolewa Jumamosi, anaenda Bisil, na mpaka juzi hatukuwa na mpiga picha.

Tangu tukuzike, mambo yako yote yameniangukia. Ya ng'ombe ndugu yako mkubwa ananisaidia. Ya picha alisema hajui, yeye amepigwa moja tu, ya kitambulisho, na hakuipenda.

Naserian alikuwa ameshachagua kijana wa Kitengela, viatu vyeupe, simu mbili. Akaja kuona boma. Nikamuuliza swali moja: Naserian akitoka kwa geti kwenda kwa bwana yake, wewe utasimama wapi?

"Nyuma na wewe, mathe. Namwita jina, anageuka, shela inapepea. Hiyo ndiyo picha ya harusi."

Nilikaa chini kwa ndoo. Nikamweleza kwetu bibi harusi akishatoka kwa baba yake hageuki nyuma, akigeuka anakuwa jiwe. Akafikiria kidogo. "Usijali, mathe. Hiyo tutatoa kwa kompyuta."

Ndugu yako akamuuliza kama hiyo kompyuta inaweza kumtoa yeye kwa boma.

Wa pili alikuja na droni. Hakusema mengi, akairusha. Mbuzi wako walidhani ni tai wa mwisho wa dunia. Tulishinda mchana tukiwatafuta, wawili tukawapata ndani ya kanisa. Pasta alisema wametulia kushinda waumini wengine.

Naserian akakasirika. Akasema, "Mum, wewe hutaki picha. Wewe unataka nisiende." Nikachukua ndoo nikaenda kwa mbuzi. Maneno mengine ukiyajibu yanakuwa kweli.

Halafu akaja msichana wa Nkoroi, anaitwa Wanjiku. Nilimtilia shaka, si mtu wetu, na ni mdogo wa mwili. Lakini alipomfikia ndugu yako aliinamisha kichwa, akashikwa utosini, vile mtoto wa boma anasalimia mzee. Nikamuuliza lile swali. Akauliza, "Yeye ataangalia wapi?" Nikasema mbele tu. "Basi nitatangulia, nitembee kinyumenyume mpaka kwa gari."

Akajaribu palepale, Naserian akimfuata na leso kichwani badala ya shela. Hatua kama ishirini hivi, akaingia kwa karai la maji ya mbuzi, akakaa ndani. Nguo zote maji, lakini kamera aliinua juu, kavu kabisa. Naserian alicheka mpaka akashika ukuta. Ndugu yako akasema, "Huyo. Anajua kitu ya kushika."

Akanionyesha picha, ile ya kabla aanguke. Baba Naserian, mimi wakati huo nilikuwa nyuma kwa geti, naona mgongo na leso tu. Kumbe mbele mtoto alikuwa ameuma mdomo, vile wewe ulikuwa unafanya ukiuza ng'ombe uliyempenda. Nilidhani ni mimi peke yangu naogopa hii safari. Nikamrudishia Wanjiku kamera yake, nikamwambia Jumamosi aje mapema, na nguo ya kubadilisha.

Sasa mpiga picha si shida tena. Shida ni mdomo wangu. Unanijua, mtu akitoka kwangu lazima nimwite. Umekunywa chai? Umebeba sweta? Wewe mwenyewe nilikuwa nakurudisha mara tatu kabla ufike barabara. Na Jumamosi ni mimi nitasimama pale kwa geti, pahali pako. Ndugu yako amesema atanishika mkono. Nimemwambia ashike mdomo.

Lala vizuri, mzee wangu. Picha ikitoka nitakuja nayo hapo kwa kaburi, uone uso wake. Na nakuahidi hii: Naserian akianza kutembea, hata nikiona sweta imebaki kwa kiti, sitamwita.

Ni mimi wako,
Mama Naserian