Wawili Nje ya Meza

Jumapili, 3 Machi 1957
Wiki nzima kuchuma maua ya pareto. Vidole bado vinanuka. Leo Meza ya Bwana. Mchungaji akasema kama kawaida: mwenye kinyongo na mwenzake atoke, angoje baraka nje. Nikatoka. Mwaka wa tatu huu.

Kariuki naye akatoka. Nyapara wetu wa shambani. Ndiye aliyewapa polisi waliosaka Mau Mau jina la mwanangu Njoroge. Njoroge alifia kizuizini. Hata kaburi sijaonyeshwa.

Mimi natoka kwa sababu sijasamehe, yeye kwa sababu hajasamehewa. Kanisa zima ndani, sisi wawili nje. Ningecheka kama ningeweza.

Alhamisi, 14 Machi
Mke wa mwinjilisti amekuja kunywa chai. Eti nitue mzigo. Nikamwambia mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akamaliza chai akaenda.

Jumapili, 7 Aprili
Mvua. Ukingo wa paa ni mwembamba, mimi na Kariuki tulisimama karibu kuliko nilivyotaka. Amekonda. Koti lake lililowa bega zima, maana aliniachia mimi pakavu. Namchukia hata kwa hilo.

Jumatano, 17 Aprili
Nikisali Baba Yetu, nikifika pale pa kusamehe naruka, kama mtu anayeruka tope. Leo nimekwama pale pale. Nimelia mpaka ugali ukaungua.

Jumapili, 5 Mei
Mvua tena. Ndani wakaanza kuimba.

"Mama Njoroge," akasema Kariuki.

Tangu siku ile Njoroge alipokamatwa hakuwahi kuniita hivyo. Hakuwahi kuniita kabisa. Akasema polisi walitaka jina moja, la sivyo yeye na watoto wake watafukuzwa shambani. Akatoa la mtoto wa jirani, mtoto wangu.

"Sina la kujitetea, mama."

Nilitaka kumpiga. Mikono ikakataa.

"Nimekusamehe, Baba Wambui. Ingia."

Akaingia akilia. Mimi sikuingia. Nilibaki nje peke yangu, nikimlilia mwanangu kama aliyekufa jana.

Jumapili, 2 Juni
Baridi. Leo hakukuwa na mtu nje. Kariuki alikunywa, akageuka, akanipa kikombe mwenyewe. Nikanywa.

Nyumbani nimepika viazi vya watu wawili bila kufikiri. Nimekula vyangu, nikavitazama vile vingine. Wambui, binti yake Kariuki, alikuwa akipita na kuni. Nimemwita ale. Alikuwa na njaa. Amekalia kigoda cha Njoroge, nami sikumwambia ainuke.