Riba ya Benki na Chana ya Ndizi

Jumatano. Kerubo wangu ameshiba, amelala.

Sikutia sahihi. Fomu ya mkopo wa cherehani bado iko kwa pochi, na sijuti.

Asubuhi redio ilisema riba ambayo benki hutozana zikikopeshana kwa usiku mmoja imeshuka tena. Zamani ningezima. Leo nilikumbuka soko letu la Daraja Mbili. Ndizi zikiwa chache, ukimwomba muuzaji mwenzako Mama Moraa mkungu mmoja hadi kesho, atataka uurudishe na chana moja juu. Wiki hii ananisukumia tu. "Chukua mwanangu, hiyo chana mpe mtoto." Hapo najua ndizi zimejaa na bei itashuka. Kumbe benki nazo ni kama sisi!

Nikaenda kumuuliza dada wa mikopo kama riba yangu pia itashuka. Akacheka.

"Mama Kerubo, haya mambo umeyajulia wapi?"

"Kwa ndizi."

Akasema kwetu wadogo nafuu huchelewa kufika, lakini nijaribu tena mwezi ujao.

Baba Kerubo naye ananiita Waziri wa Fedha. Acha aseme. Mimi hofu yangu ilikuwa moja tu, fundi mwenye ile cherehani asije akaiuza kwa mtu mwingine nikingoja.

Jioni nilipita kwake. Amekubali kuniwekea mpaka mwezi ujao. Nilikuwa nimembebea chana moja ya ndizi, kubwa, nzuri.

Hiyo ndiyo riba niliyolipa leo.