Kiwanja Chako Kilivyogeuka Kijani

Kwako kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukutabiria mvua. Nisalimie sana shemeji, na watoto wote, hasa yule kitindamimba aliyeniambia kwenye simu kuwa shangazi nina sauti ya mtu anayetafuna. Mimi ni mzima wa afya. Najua utashangaa kupata bahasha wakati simu ipo, lakini ningekupigia ungenikatiza, na leo sitaki kukatizwa.

Kazini hatupumui. Mpango wa mji, ule wa miaka ishirini, umefikia mwisho wake na sasa tunauandika upya: wapi pawe nyumba, wapi barabara, wapi soko, wapi paachwe wazi. Enzi zile ramani tulizipaka rangi kwa mkono, njano kwa makazi, kijani kwa eneo la wazi. Siku hizi kompyuta inamaliza mtaa mzima kabla sijavaa miwani. Wenzangu wa enzi za penseli wamestaafu wote, nimebaki peke yangu, ndiyo maana mkuu wa idara amenikabidhi kazi ya kulinganisha ramani ya zamani na madaftari ya wapimaji, mtaa kwa mtaa. Ananiita kumbukumbu ya ofisi. Sijui kama ananisifu au ananiambia nimezeeka.

Wiki mbili zilizopita tulikutana na wananchi wa mtaa wetu wa zamani, ndani ya darasa la shule ya msingi, watu wazima tumekalia viti vya watoto na magoti yamefika kidevuni. Mkuu alieleza kwamba watu wameongezeka, hivyo baadhi ya maeneo ya wazi huenda yakageuzwa makazi. Alipoutaja ule uwanja wa magharibi mwa barabara, darasa lilichemka. Mwalimu wa chekechea alisema watoto wake hawana pengine pa kukimbia. Kisha akasimama fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, akauliza ni nani aliyepanda ile miarobaini sita, maana tangu ahamie pale anafanyia kazi kivulini mwake na hajawahi kujua amshukuru nani. Mkuu akanigeukia mimi, kumbukumbu ya ofisi. Nilisema nitauliza.

Kaka, wewe unajua ni nani. Uliipanda kuzunguka kiwanja chako, miche ikiwa haijanifika magotini, ukasema nyumba itakapokamilika kivuli kitakuwa kimeshatangulia. Mimi ndiye niliyekushikia kamba ya kupimia, na ulinigombeza kwa kuilegeza.

Halafu ukaenda kuomba kibali cha kujenga, ukaonyeshwa ramani mpya, kiwanja chako kimekuwa kijani. Wenzako watatu wa upande ule walikubali viwanja vya kubadilishiwa. Wewe ulisema haki yako si soksi, ibadilishwe kwa kuwa imetoboka, ukafunga mizigo na kuhamia huko uliko. Mama alikulaumu mpaka siku anafariki. Alikuwa akisema usingekuwa mkaidi ungekuwa karibu naye, ungekuwa unapita jioni kumwona. Nilikuwa nikimkanda miguu huku namwitikia.

Sasa naomba usome pole pole. Kiwanja chako hakikupaswa kuwa kijani. Daftari la mpimaji linasema magharibi mwa barabara ni makazi, mashariki ni eneo la wazi. Aliyepaka rangi ni mimi. Meza ilikuwa kubwa kuliko urefu wa mkono wangu, nikaigeuza karatasi juu chini ili nifikie kona ya mbali, na katika kuigeuza nikasahau kwamba magharibi nayo imehama. Nikaweka kijani upande wako na njano upande wa pili, nikachonga penseli, nikaendelea na mtaa uliofuata.

Kama lingekuwa hilo tu, ningekuomba radhi tukacheka. Lakini niliyagundua haya mwezi mmoja tu baada ya wewe kukataliwa, nilipokuwa nikirudisha madaftari kabatini. Ramani ilikuwa imeshatiwa saini, nami nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, nikaogopa. Nikajiambia nitasema nikithibitishwa. Nilipothibitishwa, ulikuwa umeshahama. Baada ya hapo kila mwaka ulinikuta mwoga zaidi, nikakuacha ubebe jina la ukaidi kwa kosa lililofanywa na mkono wangu. Naona aibu, kaka. Mama siwezi tena kumwambia.

Juzi nilimpelekea mkuu maelezo yangu kwa maandishi. Aliyasoma mara mbili, akaniuliza kama si afadhali tuandike tu kwamba ni kosa la ofisi. Nilimjibu kwamba ofisi haishiki penseli. Akasema bado inawezekana kusahihisha, kwa kuwa karatasi za kiwanja hukuzirudisha, ila mwenye kiwanja mwenyewe ndiye anayetakiwa kuleta pingamizi ndani ya siku thelathini tangu rasimu ibandikwe. Imebandikwa Jumatatu, na kwa kelele za siku ile darasani, uwanja umeachwa kijani. Usipoleta, uwanja unabaki uwanja kwa miaka ishirini mingine.

Usiniulize ningependa ufanye nini. Nikiwatazama wale watoto wakikimbia, nawaonea huruma wao. Nikikukumbuka na ile kamba yako, nakuonea huruma wewe. Safari hii si mimi wa kuchagua rangi.

Ndani ya bahasha nimeweka fomu ya pingamizi. Jina lako na namba ya kiwanja nimeshajaza, kwa kalamu, si kwa penseli. Sehemu ya sababu nimeiacha wazi. Ukiandika kwamba mdogo wako alikosea na akanyamaza, nitaipokea mwenyewe dirishani na kuigonga muhuri.

Wape watoto salamu zangu, na shemeji mwambie bado nakumbuka mkono wake wa mapishi. Hata usiponijibu mimi, mjibu fundi baiskeli. Kila asubuhi nikipita ananiuliza kama nimeshampata aliyepanda miti, nami namwambia nimemwandikia, tunasubiri.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwita Kipenseli.