Walimtangaza Mama Neema kwa Maombi

Jumamosi. Jua kali, vumbi hadi kwenye ndoo ya maji.

Mwangaluka wapendwa. Hamjambo huko mliko? Afya zenu? Mimi mwili mzima, ila tangu jana nina kichefuchefu ambacho si cha tumbo.

Akina mama wa kanisa hapa Geita tunafundishwa saikolojia, tujue kuwasikiliza wenye shida. Mwalimu wetu, Mzee Masanja, alianzia uaskari magereza, akaenda jeshini, akamalizia kwenye ndege, akiwafundisha marubani na mafundi. Viti vyetu anavipanga kama gwaride. Tunamcheka, naye anacheka.

Alitueleza kwamba fundi wa ndege anayeogopa kufokewa huficha kosa lake, na watu wanakufa. Kwa hiyo kule mtu anasema alipokosea na hakuna wa kumsuta. Akaomba tujaribu. Ya humu yabaki humu.

Mama Neema akasimama. (Majina nimeyabadili yote, mtaelewa kwa nini.) Akasema siku duara, lile shimo la dhahabu, lilipotitia mumewe akiwa chini, kabla hawajamfukua mzima, yeye alijisikia kupumua. Mume huyo anampiga. Tulilia darasa zima.

Jana jioni kwenye maombi ya jumuiya, tumefumba macho, Mama Paulo tunayesoma naye akapaza sauti: "Bwana, mguse Mama Neema! Mwondolee roho ya kumtakia mumewe kifo!"

Watu wakaitikia amina.

Nami niliitikia. Mdomo ulitangulia masikio.

Nilimvuta pembeni. "Mama Paulo, lile si tulikubaliana libaki darasani?"

"Kwani nimemsengenya? Nimemwombea! Au siku hizi na maombi ni kosa?" Akakaza kanga yake, akaenda kugawa chai.

Kinyaa, sina neno jingine. Umemwanika mwenzako mbele ya majirani, tena umepiga magoti, halafu unaulizia sukari! Usiku nilishindwa hata kusali. Kila nikianza, nasikia sauti yake.

Asubuhi nikaenda kwa Mama Neema. Mtoto akanipokea mlangoni, "Shikamoo Mama Yohana." Kabla sijasema marahaba, kutoka ndani nikasikia sauti ya mama yake, "Mwambie nimelala."

Mumewe yuko machimboni, atarudi Jumatatu. Na huko machimboni watu wana simu.

Nikapitia kwa mwalimu. Nilidhani askari wa zamani atafoka. Badala yake akasema, "Kosa ni langu, mayu, mama yangu. Kwenye ndege kuna sheria inamlinda anayesema. Mimi niliwaahidi ulinzi ambao sina." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Nikamhurumia. Mama Paulo bado sijaweza kumhurumia, Mungu anisaidie.

Mchana huu ndipo Mama Neema kanitumia ujumbe: "Nikipata pa kwenda nje ya Geita, nitaondoka na mtoto. Kwako baba yake atanifuata."

Ni kweli, kwangu anapajua.

Wapendwa, naamini Mungu anasikia. Ila leo mtu asiniandikie "tunamwombea". Nataka chumba, Kahama au Shinyanga mjini, kwa mama na mtoto mmoja, kwa mwenyeji asiyeulizauliza. Mwenye nacho asiweke hapa chini watu wakasoma, anitumie mimi peke yangu. Naomba mnijibu upesi, kabla ya Jumatatu.