Hema la Kutazamia Taa za Chisense

Jumatano, 22 Oktoba

Sare za kwaya tangu asubuhi. Kola hazitaki kulala. Nimefumua, nimeshona tena, nimefumua. Jioni dawa ya Mzee, mume wangu, tone moja jicho la kushoto. La kulia halioni kitu, lakini anataka nalo litiwe, lisione wivu. Natia. Tunacheka. Sijui tunacheka nini.

Jana hospitalini kule Mansa daktari hakuzungusha maneno. Presha ya jicho. Kilichokwenda kimekwenda. Operesheni ni ya kulinda kidogo kilichobaki, na yenyewe inaweza kukataa. Tarehe ishirini na nne Novemba. Mzee aliitikia kama mtu anayetajiwa bei ya mahindi. Naogopa. Sitamwambia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Jioni nilishuka ziwani kununua chisense, dagaa wetu wadogo. Peke yangu. Mzee hashuki tena. Tangu amwachie mdogo wake Musonda mtumbwi, akifika sokoni anageuka. Hataki kuona wenzake wakisukuma mitumbwi majini bila yeye. Namwelewa, na inaniudhi.

Giza lilinikuta hapo. Mwezi hakuna. Taa zikaanza kuwaka majini, moja, tatu, kisha sikuweza kuzifuata. Kila mtumbwi na taa yake ya kuita samaki. Kutoka upande wa kisiwa cha Chisenga mpaka kaskazini kabisa jicho linapochoka. Watu wa sokoni wanapita na ndoo zao bila hata kutazama. Mimi mpaka leo siwezi kupita hivyo.

Nilipokuwa mtoto ng'ambo, kule Kilwa ya Kongo, nilidhani taa hizi ni mji wa Wazambia. Mji mkubwa, wenye barabara. Nikajiapia nitaishi huko. Bon, haya. Nikavuka, nikaolewa, nikakuta vumbi na nyavu. Lakini ule mji wenyewe bado uko.

Wazo lilinijia njiani nikasimama na kikapu changu. Mzee hajawahi kuuona. Kila giza la mwezi alikuwa ndani yake, ameinamia maji. Mbalamwezi ikitoka samaki hawafuati taa, basi anarudi nyumbani kulala. Nilipokuwa nikimwambia ni mji, alisema ndiyo, ndiyo, huku anakula.

Lazima auone. Kabla ya tarehe ishirini na nne.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimempigia Clarisse. Binti yetu huyu anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni huko Ndola, anajua mambo ya starehe. Nimemweleza shida: baba yako hakanyagi bandarini, kila mtu pale atamshika mkono na kumwonea huruma. Akasema, basi tufanye likizo. Hema. Ufuko wa mbali ambako hakuna anayemjua. Ataomba ruhusa kazini, atakuja na hema la tajiri wake. Baba ataambiwa ni likizo ya Clarisse, basi. Kwa Clarisse atakubali hata kulala juu ya mti.

Likizo! Hapa kwetu watu wanalala kando ya ziwa miaka na miaka, kwenye vibanda vya nyasi, mbu wanawala, na hakuna aliyewahi kuita likizo. Mama Gode, jirani yangu muuza mawese, alisikia nikiulizia magodoro.

«Mama Clarisse, balibafukuza ku nyumba?»

Nimemwambia tunakwenda kupumzika. Alinitazama kama amesikia nimeacha kusali.

Nimechagua siku: tano Novemba, kulala hadi tarehe saba. Siku nzuri.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimekwenda kutafuta mahali, kupita Kashikishi, njia ya Puta. Pikipiki imenivunja mgongo. Nilipata ufuko mdogo, mchanga mweupe, mihogo nyuma yake, nyumba chache. Nikamwendea hedimani, mkuu wa kijiji, na zawadi ya unga, nikajitambulisha. Naye aliuliza kama kuna kipindupindu. Hema analojua yeye ni la kipindupindu, au la wakimbizi. Nikamhakikishia sisi ni wazima, ni watu wawili wazee na mtoto wao. Akaruhusu. Ila tusichote maji jioni, kuna mamba.

Nilivua viatu nikasimama. Mchana mkali. Maji hayana mwisho, milima ya Kongo ni kivuli tu. Nimeishi kando yake maisha yote, pande zote mbili, na leo nilijiona nimekuwa nikitazama kupitia tundu la sindano. Nikasema Mungu wangu, kwa sauti. Mbuzi akanijibu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mjinga. Mjinga, mjinga.

Musonda alipita kuleta samaki. Nikamwonjesha siri. Nikamwambia siku. Alifurahi sana, shemeji yangu huyu.

«Bon, mulamu! Ile siku siye bote tuko ku nyumba. Tutakuya kukula nyama na nyiye.»

Nikajibu karibuni. Alipofika kwenye geti ndipo nikaelewa. Wote wako nyumbani. Kwa sababu ni mbalamwezi. Tano Novemba mwezi unajaa, na hakuna taa hata moja itakayokuwa majini.

Ni mazoea. Harusi, ngoma, kikao cha ukoo, kila jambo la furaha hapa tunalipanga mwezi ukijaa, wanaume wako nchi kavu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye siku ya furaha. Nimezaliwa ziwani, nimeolewa ziwani, na nimepanga safari ya kwenda kuona taa siku ambayo hakuna taa.

Jumapili, 2 Novemba

Clarisse hawezi kubadilisha ruhusa. Tajiri amekataa. Alilia kwenye simu, nami nikajifanya mgumu. Nimemwambia asitumie ruhusa yake bure, aje Krismasi. Hema atalituma kwa basi.

Giza linalofuata ni ishirini Novemba. Tarehe ishirini na tatu lazima tuwe njiani kwenda Mansa. Mwisho wa mwezi ziwa linafungwa samaki wazae, hakuna mvuvi mpaka Machi. Na mvua zimeanza. Mlango umebaki mwembamba hivi, na mimi ndiye niliyeusukuma.

Jumatano, 5 Novemba

Mwezi mkubwa. Uwanja wote mweupe, unaweza kutunga uzi kwenye sindano. Wanaume wanacheka kwenye baraza za watu. Ni mzuri. Nimeuchukia usiku kucha.

Jumanne, 11 Novemba

Hema limefika. Mshono mbaya, uzi hafifu, zipu imekatika upande mmoja. Tajiri anawalaza wageni humu? Nimeshona upya zipu na pembe zote. Mama Gode amekuja kukishika kitambaa, akauliza kama kitatosha kwa kanzu.

Mzee amegonga mlango wa chumba chetu wenyewe. Bega zima. Akasema mlango umesogea. Jicho la kushoto sasa linaona katikati tu, pembeni pamezibwa. Namwona anavyogeuza kichwa kutafuta kikombe kilicho mbele yake. Nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko, kisha nikarudi nikampa kikombe.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimemwambia. Alhamisi tunakwenda kulala kwenye hema, mimi na wewe. Akauliza Clarisse yuko wapi. Nikasema Clarisse hayuko. Akasema basi tungoje Clarisse. Nikasema sitaki kungoja. Akasema kuna mvua, kuna Mansa, na yeye na mambo ya ziwa wamemalizana.

Nikasimamisha cherehani. Nikamwambia nimekushonea mashati tangu nikiwa msichana, nimelala peke yangu kila giza la mwezi, sijawahi kukuomba hata safari moja. Naomba hii.

Aliacha chai ipoe. Kisha akaanza kutafuta kofia yake.

Alhamisi, 20 Novemba

Naandika ndani ya hema, tochi mdomoni.

Kusimamisha hema kumetuchukua mchana wote. Mzee mmoja asiyeona, mwanamke mmoja mwenye hasira, na vyuma vinavyorefuka kila ukivigusa. Aliishika kamba moja akasema fundo hili si fundo, akafunga lake la mtumbwi. Sasa kamba zote ni mafundo ya mtumbwi. Ndiyo yaliyotuokoa.

Saa kumi na moja anga lote upande wa Kongo likawa jeusi kama sufuria. Mvua tuliiona ikija juu ya maji, ukuta mweupe, na sauti yake ilitangulia. Sijawahi kuona kitu kikubwa hivyo kikinijia mimi. Nilishindwa hata kukimbia. Radi zilipiga ziwa, nikaona kisiwa, nikaona mitumbwi yote imevutwa juu mchangani, kisha sikuona kitu.

Hakuna aliyetoka leo. Taa hakuna. Mzee ameketi na maji mgongoni.

«Mama, tunatafuta nini huku?»

Nikamfuta maji mgongoni. Kama kesho ni hivi, nimemleta kulowa bure, na hakuna kesho nyingine.

Ijumaa, 21 Novemba
(naandika Jumamosi asubuhi, mchangani)

Mchana upepo ulikuwa bado una mashaka. Nilianika magodoro, nilipika bukari, ugali wetu, na samaki, nilitazama maji kila dakika. Alasiri upepo ulikatika ghafla. Ziwa likatulia kabisa. Mitumbwi ya kijiji kile ikaanza kuteremshwa, na Mzee aliisikia ikikwaruza mchanga, akainama. Nikadhani ataomba turudi nyumbani. Akasema tu, leo watavua. Ni juma la mwisho kabla ziwa halijafungwa, hakuna atakayebaki.

Jua likazama Kongo. Nyuma yake uzi wa mwezi, mwembamba, nao ukazama. Nikamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso kwenye maji.

Ya kwanza iliwaka karibu nasi. Hakuiona. Nikamshika kidevu nikamgeuza. Akasema, naona, ni taa. Nikasema ngoja.

Kisha ziliwaka zote. Siwezi kuandika ilivyokuwa. Nimeziona tangu utotoni na jana sikuwa na pa kuziweka. Baada ya mvua hewa ilikuwa safi, hata zile za mbali sana zilionekana, ndogo kama nukta, na maji yaliyotulia yakazirudia zote chini. Hapakuwa na ziwa wala anga. Nilishika bega la Mzee nisianguke.

Yeye aliona kipande tu. Basi akaanza mwisho wa kusini, akageuza kichwa polepole, kama mtu anayesoma mstari mrefu. Ilichukua muda kufika kaskazini. Alipofika, akarudi. Mdomo ulikuwa wazi. Nami nilisahau kuutazama mji, nikamtazama yeye.

«Bale bote ni batu?»

Nikasema ni watu. Kila taa watu wake. Musonda yuko humo.

Kisha akanieleza, na maneno yake nayaandika yalivyo. Kwamba ukikaa kando ya taa yako, macho yako hayaoni taa ya mwenzio. Unaona duara la maji, samaki, na baada yake giza tupu. Unasikia kikohozi mbali, hujui ni nani. Miaka yote. Alikuwa akiogopa. Hakuniambia kamwe kwamba alikuwa akiogopa.

«Miye nilikuwa nawaza tuko siye peke yetu.»

Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipozikwa mama yake. Nami nikalia, kwa sababu nilimwambia ni mji, kila mara nilimwambia, na sikujua kwamba alihitaji kusikia. Nilidhani ni porojo zangu za mezani.

Hakukubali kuingia kwenye hema. Nilimletea blanketi. Aliendelea kusoma, kusini, kaskazini, kusini, na mahali fulani akaanza kutaja majina, huyu ni wa kwa nani, yule ni wa kwa nani. Hawezi kujua. Sikumkatiza.

Asubuhi hii Musonda amepita karibu na ufuko akirudi, mtumbwi umejaa. Mzee amekwenda mpaka majini, maji ya magoti, ameushika mtumbwi wake ubavuni. Amempigapiga mdogo wake kichwani kama mtoto. Musonda hajui kafanya nini.

Jumanne, 25 Novemba

Mansa. Walimfanyia Mzee operesheni jana. Daktari anasema vizuri, lakini bandeji haifunguliwi bado, na hata ikifunguliwa tungoje. Sijui. Hakuna anayejua. Wodi inanuka dawa na ndizi. Nimekaa kwenye kiti, napinda mikono ya shati.

Hapa hakuna ziwa. Ni mbali kabisa, hata upepo wake haufiki. Taa za wodi zimezimwa nusu. Nilidhani amelala.

«Mwezi iko?»

Nimekwenda dirishani. Kamwezi kadogo kalikuwa kanaingia nyuma ya paa. Nimengoja mpaka kakaisha, kisha nimerudi nikamwambia hakuna.

«Basi bavuvi beko ku maji.»

Amegeuza uso kwenye mto, kusini, halafu polepole kaskazini. Nimeendelea kushona.